Nunua Gitaa Kama Unavyopanda Mkorosho

Ilikuwa usiku wa Oktoba, Masasi, na joto la mchana lilikuwa bado limelala kwenye bati. Nikasikia “tak!” chumbani, kama mtu aliyevunja ukuni gotini. Nikadhani ni panya, nikajifunika shuka. Asubuhi nilipoteremsha mfuko mweusi kutoka juu ya kabati na kuvuta zipu, nikaona: daraja la gitaa, kile kipande cha mti kinachoshika nyuzi usoni, limebanduka na kuinuka upande mmoja kama kifuniko cha chungu kinachochemka, na ufa mwembamba umetoka hapo ukaenda hadi ukingoni. Gitaa hilo nililinunua kwa malipo ya korosho ya msimu uliotangulia. Halikuwa limetimiza mwaka.

Nikalipandisha Newala kwa fundi seremala mmoja, mzee aliyeutumia ujana wake kwenye vinyago vya mpingo.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwalimu. Hebu tumwone mgonjwa.”

Akalilaza kwenye benchi juu ya gunia, akachungulia tunduni, akagonga mgongo kwa fundo la kidole mara tatu, kila mara akitega sikio.

“Ulikuwa unaliweka wapi?”

“Juu ya kabati.”

“Chini ya bati?”

“Chini ya bati, fundi.”

Akatikisa kichwa. “Kinyago kibichi ukikiacha juani kutwa, jioni kina ufa. Wewe mwenzetu umelianika mwaka mzima, halafu unaniuliza limekuwaje.”

Tangu siku hiyo, vijana na wazazi wanaponijia baada ya minada ya korosho kuuliza wanunue gitaa gani, nami huwauliza: mkorosho unaupandaje? Hakuna anayepanda mkorosho kwa ajili ya msimu mmoja. Mtu huchagua mbegu, hupima nafasi, hupalilia, hupulizia salfa ubwiriunga usimmalizie maua, na husubiri miaka kadhaa kabla ya kuokota cha maana, akijua wajukuu nao wataokota. Gitaa lililotengenezwa vizuri linataka mnunuzi wa aina hiyo. Ukiwa na haraka nalo, litakufia mikononi. Ukilitunza, sauti yake itakuwa bado inatoka wakati wewe mvi zimekujaa. Makala hii ni kwa ajili ya mtu anayetaka hilo la pili.

Ubao mzima au matabaka?

Wazee wa muziki wa dansi waliliita gitaa kavu, lile lisilo la umeme, galatoni. Jina limetokana na Gallotone, chapa ya Afrika Kusini. Gitaa la chapa hiyo ndilo alilokuwa nalo John Lennon mwaka 1957, akiwa kijana wa Liverpool ambaye hakuna aliyemjua: Gallotone Champion, lililotengenezwa Durban, na ndani ya tundu lake kibandiko kilichomhakikishia mnunuzi kwamba halitapasuka. Mtu wa Masasi anayejua kiangazi chetu angeinunua ahadi hiyo bila kuuliza bei.

Lakini elewa maana yake. Gitaa lisilopasuka kirahisi kwa kawaida ni la plaiwudi. Mbao nyembamba zimegundishwa moja juu ya nyingine, nyuzinyuzi za hii zikienda kwa urefu na za ile kwa upana, kila moja ikimzuia mwenzake asisogee. Ndiyo maana halipasuki. Na kwa sababu hiyo hiyo halitetemeki vizuri. Uso wa gitaa ni kama ngozi ya ngoma: uzi ukipigwa, uso ndio unaosukuma hewa. Ukiwa wa ubao mzima, uliopasuliwa kwenye gogo moja na kuchongwa hadi unene wa milimita tatu hivi, unatetemeka wote. Sauti inatoka na kuning'inia hewani kabla ya kuzimika. Ukiwa wa matabaka, sauti inatoka na kukaa hapo hapo.

Mara nyingi uso huo ni wa spruce, msonobari wa nchi za baridi, mwepesi na mgumu kwa pamoja. Mgongo na mbavu huwa za mti mzito zaidi. Kwa hiyo unapoambiwa “hili ni la mbao”, uliza sehemu ipi. Kuna magitaa ya aina tatu: la plaiwudi tupu, la uso wa ubao mzima na mgongo wa plaiwudi, na la ubao mzima kote. Kwa mfano, Yamaha F310, ambalo wanafunzi wengi huanzia, lina uso wa matabaka. FG800 ya kampuni hiyo hiyo ina uso wa ubao mzima. Ukiyaangalia kwa mbali ni ndugu wa tumbo moja.

Dukani utayatofautisha kwa macho yako, bila kumtegemea muuzaji. Chungulia ukingo wa tundu, pale ubao ulipokatwa. Ubao mzima utaiona mistari ya usoni ikishuka moja kwa moja hadi chini, kama mistari ya ubao wa mlango inavyoendelea hadi ukingoni. Plaiwudi utaziona tabaka, kama chapati iliyosukumwa kwa mafuta ukaimega. Wengine huzipaka ukingoni rangi nyeusi. Hapo washa tochi ya simu, utazame kwa ndani.

Wala usiidharau plaiwudi. Kama ni mwanafunzi wa bweni, au gitaa litabebwa kwenye bodaboda kila Jumapili kutoka kigango hadi kigango, plaiwudi nzuri ndiyo busara. Ushauri wangu ni huu: gitaa la kwanza liwe la matabaka au la uso mzima na mgongo wa matabaka. Likishakuonyesha kwamba kweli unalipiga, ndipo msimu mwingine utafute la ubao mzima. Mimi niliruka daraja hilo, na daraja jingine likabanduka.

Kabla hujatoa hela

Usinunue gitaa kwa kung'aa kwake. Vanishi nyingi huficha mengi. Nenda mchana, lishike kwa dakika ishirini, na ufanye mambo haya matano.

Kwanza, tazama shingo. Lielekeze gitaa kama mtu anayelenga bunduki, jicho lako likiwa upande wa kichwa, na uangalie ukingo wa shingo hadi mwilini. Unatakiwa kuona mstari karibu ulionyooka, wenye mbonyeo mdogo sana. Ukiona upinde kama wa mshale, au shingo imejisokota, liache. Pia uliza kama lina fimbo ya chuma ndani ya shingo, ile inayorekebishwa kwa ufunguo wa aleni. Gitaa la nyuzi za chuma lisilo na fimbo hiyo litakupinda mkononi, na hutakuwa na namna ya kulinyoosha.

Pili, pima kimo cha nyuzi. Hapa kadi yako ya NIDA itakufaa. Kadi za aina hiyo, pamoja na za benki, zina unene wa milimita 0.76. Chukua tatu, zibane pamoja, uziingize chini ya uzi mnene kwenye freti (vile vijiti vya chuma vya shingoni) ya kumi na mbili. Zikigusa uzi kidogo, kimo ni kizuri, kama milimita mbili na robo hivi. Zikiingia tano bila kugusa kitu, gitaa hilo litavitesa vidole vyako, na wanafunzi wengi walioacha gitaa waliachishwa na kimo cha nyuzi, wakajidhania hawana kipaji.

Tatu, chukua kipande cha karatasi ujaribu kukipenyeza nyuma ya daraja. Kikipenya, daraja limeanza kubanduka. Hata kama limebanduka kidogo tu, nyuzi zitalimalizia.

Nne, sikiliza kama linasema kweli. Gusa uzi kwa wepesi juu kabisa ya freti ya kumi na mbili, uupige na kuuachia: utasikia sauti nyembamba kama kengele. Kisha bonyeza uzi ule ule hapo hapo, upige. Sauti hizo mbili ziwe moja. Zikiachana, gitaa litakuwa sawa kwenye kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) za chini na la uongo kwenye za juu, hata ulityuni vipi.

Tano, piga kila uzi kwenye kila freti, moja baada ya nyingine, hadi juu. Ni kazi ya kuchosha na muuzaji atakukunjia uso, lakini freti moja iliyoinuka itatoa mkwaruzo, na ni heri uusikie dukani kuliko kanisani.

Ukinunua la mkononi, yaani lililotumika, mambo hayo hayo yanatosha, na mara nyingi utapata mti bora kwa bei ya chini. Gitaa la ubao mzima lenye miaka kumi ambalo halijapasuka limeshafaulu mtihani ambao jipya halijaufanya.

Nyuzi ni mzigo

Watu hutazama nyuzi sita nyembamba wakadhani ni kitu chepesi. Seti ya kawaida ya nyuzi za chuma, inayoanzia inchi 0.012, ikikazwa kwenye sauti yake, inavuta kwa nguvu ya kama kilo 70 hivi. Chukua mfuko wa saruji na karibu nusu ya mwingine, uutundike kwenye kile kipande cha mti kilichoshikwa na gundi tu, mchana na usiku, mwaka hadi mwaka. Ndicho kilichokuwa kikining'inia juu ya kabati langu.

Kutokana na hesabu hiyo kuna makosa mawili ya kuepuka. La kwanza ni kulifunga gitaa la nailoni nyuzi za chuma. Gitaa la klasiki, lenye shingo pana na nyuzi tatu laini za plastiki, limejengwa kubeba karibu nusu ya mzigo huo. Nyuzi za nailoni ni adimu madukani kwetu, za chuma zipo, na mtu akikatikiwa hufunga alichokipata. Baada ya miezi michache tumbo limevimba na daraja limeng'oka. Agiza nyuzi za nailoni kutoka mjini, weka seti mbili akiba, na usikubali ushawishi.

La pili ni kuacha nyuzi hadi ziote kutu. Jasho lina chumvi. Kila ukimaliza kupiga, pitisha kitambaa kikavu cha pamba juu na chini ya kila uzi. Ni nusu dakika tu, na nyuzi zitaishi mara mbili. Wakati wa kuzibadilisha, badili moja moja badala ya kuvua zote kwa mkupuo, shingo isishtuke. Zungusha uzi kwenye kigingi chake mara mbili au tatu, na uuvute kwa mkono ulegee, kisha uukaze tena, mara nne au tano. Uzi mpya usiovutwa hautashika sauti hadi kesho.

Kiangazi cha Masasi, ukungu wa Newala

Sasa ndio moyo wa jambo lenyewe. Ubao hauishi kunywa na kutoa maji ya hewani. Mafundi wetu husema mbao inacheza, na kila mwenye nyumba anaushuhudia mchezo huo: mlango unaogoma kufunga wakati wa masika, kiangazi unafunga na kuacha upenyo. Ubao hupungua na kutanuka kwa upana, si kwa urefu. Uso wa gitaa umegundishwa kwa ndani na vijiti vinavyoukata kwa mshazari. Hewa ikikauka ghafla, uso unataka kupungua na vijiti vinaukatalia. Mmoja lazima ashindwe, na “tak!” niliyoisikia ndiyo ilikuwa hukumu.

Watengenezaji wa magitaa hupendekeza unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Kwetu, asilimia hizo tunazipita kwenda na kurudi kila mwaka. Tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba au Desemba hadi Aprili, Mei, kisha miezi mirefu ya ukavu. Masasi imekaa chini, katikati ya majabali yanayohifadhi joto, na Oktoba chumba cha bati mchana ni tanuri. Newala iko juu ukingoni mwa uwanda, mahali ambapo ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma limelala chini yako. Huko kuna ubaridi, ukungu wa asubuhi na upepo usiochoka. Mjerumani Karl Weule, aliyepita Masasi na kupanda Newala mwaka 1906 akiwa na fonografu ya kurekodia nyimbo, aliulalamikia sana upepo huo wa jioni. Gitaa linaloteremka na kupanda kati ya miji hiyo miwili hubadilishiwa hali ya hewa ndani ya safari moja.

Fundi wangu hakuwa na kifaa cha kupimia unyevu. Alinifundisha dalili. Kiangazi, telezesha kiganja ukingoni mwa shingo: ncha za freti zikikukwaruza kama misumari midogo, ubao wa shingo umepungua na chuma kimebaki nje. Gitaa lina kiu. Kisha tazama uso kwa ubavu: ukiwa umezama kidogo na nyuzi zimeanza kugonga freti, kiu imezidi. Masika ni kinyume: tumbo linavimba nyuma ya daraja, nyuzi zinapanda juu, sauti inakuwa nzito kama ya mtu mwenye mafua.

Dawa ya kiu ni hii. Chukua kile kiboksi cha plastiki cha kuwekea sabuni, kitoboe matundu mengi kifunikoni, weka ndani sponji iliyoloweshwa kisha ikakamuliwa hadi isidondoke hata tone. Kifunge, ukiweke kwenye mfuko wa gitaa karibu na kichwa, wala si ndani ya tundu. Funga zipu. Kagua kila baada ya siku mbili tatu kuanzia Julai hadi mvua zishike. Maji yenyewe uwandani ni shida, wenye kuyafuata mbali wanajua, lakini sponji inakunywa vijiko viwili tu. Ukiweza, nunua kipima unyevu kidogo cha kidijitali, ni rahisi kuliko seti mbili za nyuzi. Masika toa sponji, weka vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya boksi za viatu, na siku ya jua la kiasi acha mfuko wazi kivulini.

Mahali pa kuliweka ni ukuta wa ndani ya nyumba, usiopigwa na jua upande wa pili, chini ya kimo cha mabega. Hewa ya juu karibu na bati ndiyo moto kuliko zote. Usiliegemeze kwenye ukuta wa nje unaonyeshewa, wala karibu na dirisha, wala sakafuni moja kwa moja, kwa sababu mchwa hawaoni haya. Kila mwezi chungulia tunduni kwa tochi. Ukiona unga laini kama poda chini ya kitundu kidogo, huyo ni bungua. Litenge gitaa na fanicha nyingine, liwahishe kwa fundi.

Na kama mabadiliko ya majira yameinua au kushusha nyuzi, ile fimbo ya chuma ya shingoni inaweza kusaidia. Igeuze robo ya mzunguko tu, kisha ulale hadi kesho ndipo uangalie. Ikigoma, usiilazimishe. Wengi wamevunja shingo kwa ubishi na kipande cha chuma.

Safarini

Buti la basi la kwenda Dar es Salaam ni adui wa gundi. Chini kuna moto wa injini na lami, juu yake kuna magunia. Panda nalo ndani, ulisimamishe kati ya magoti yako, na kama ni lazima liwe kwenye kichanja cha juu, liwe la mwisho kupandishwa. Kabla ya kuondoka legeza nyuzi zishuke sauti nzima moja. Usizilegeze kabisa, shingo imezoea mvuto. Ukifika mahali penye hali tofauti ya hewa, acha mfuko umefungwa kwa saa moja au mbili ndipo ufungue. Gari lililoegeshwa juani ni mahali ambapo hungemwacha mtoto. Basi na gitaa usiliache.

Mkono wa kulia ndio unaosema

Lililonunuliwa vizuri na kutunzwa vizuri bila kupigwa litakuwa pambo. Ubao unataka kutetemeka, na wewe unataka usugu wa vidole. Usugu huo hujengeka kwa wiki tatu au nne za dakika kumi na tano asubuhi na kumi na tano jioni. Saa mbili za Jumamosi moja zitakuachia malengelenge tu. Maumivu ya ncha za vidole ni ya kawaida, lakini maumivu ya kifundo cha mkono ni onyo: umekunja mkono vibaya, au nyuzi ziko juu mno. Rudi kwenye kadi za NIDA.

Vijana wengi hukimbilia mkono wa kushoto, wakakusanya kodi ishirini wasizoweza kuziunganisha. Mimi hushauri uanze na ule wa kulia, na mwalimu wetu mkubwa kwa hilo alikuwa mtu wa bara letu hili hili. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, Katanga, mji unaoitwa leo Likasi, akamrekodi wimbo “Masanga”. Bosco alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia, gumba na shahada, na anayesikia huapa kwamba kuna watu wawili. Gumba lilishika besi bila kukosa, shahada ikazungumza juu yake. Baadaye alikaa Nairobi, na mtindo huo ukaingia kwenye vidole vya wapigaji wengi wa Afrika Mashariki kabla ya magitaa ya umeme kutawala dansi.

Jaribu hivi leo. Shika kodi ya C: kidole cha pete freti ya tatu uzi wa tano, cha kati freti ya pili uzi wa nne, cha shahada freti ya kwanza uzi wa pili. Gumba la kulia lipige uzi wa tano, kisha wa nne, tano, nne, kwa mwendo wa mtu anayetwanga bila haraka. Usiongeze kitu kwa siku tatu. Siku ya nne, shahada ya kulia ianze kugusa uzi wa pili na wa kwanza, katikati ya mapigo ya gumba. Mara ya kwanza vitagombana. Usiache gumba lisimame, hata shahada ikikosea. Siku gumba likijiendea lenyewe huku wewe unaongea na mtu, umeshavuka mto. Ndipo uingie F na G, na nyimbo za kwaya yako karibu zote zitakufungukia milango.

Tyuni kila unapoliinua. Kutoka uzi mnene hadi mwembamba ni E, A, D, G, B, E, na programu za bure za simu zipo. Lakini zoeza na sikio: bonyeza freti ya tano ya kila uzi ili upate sauti ya uzi unaofuata chini yake, isipokuwa ule wa tatu, ambao hubonyezwa freti ya nne. Simu huisha chaji, sikio haliishi. Hiyo ndiyo heri ya gitaa kavu: umeme ukikatika katikati ya ibada na kinanda kikanyamaza, wewe unaendelea.

Anayetaka kwenda mbali zaidi, TaSUBa ya Bagamoyo hufundisha muziki kwa utaratibu. Wengine tutajifunza barazani, na hakuna ubaya.

Mti wa kwetu

Kuna jambo ambalo mtu wa Mtwara na Lindi anapaswa kulijua anaposhika gitaa la bei kubwa. Ubao wa hudhurungi wa shingoni mara nyingi ni wa ukoo wa Dalbergia, na mpingo wetu, Dalbergia melanoxylon, ni ndugu yake wa damu. Dunia huutaka mpingo kwa klarineti na zumari za kizungu, na mafundi wachache wa magitaa hutengeneza nao migongo na mbavu kwa sababu unalia kama chuma ukigongwa. Tatizo ni kwamba mti huu hukua polepole mno, miaka sabini hata mia, tena umejikunja, hivyo ubao mpana usio na dosari ni nadra. Kilwa, vijiji vinavyosimamia misitu yao vilipata cheti cha FSC mwaka 2009, ili mnunuzi wa klarineti Ulaya ajue mti umekatwa kwa halali na kijiji kimelipwa. Mchonga vinyago anayejua kuukausha mpingo kivulini, taratibu, bila kuupasua, ana nusu ya elimu ya fundi wa magitaa. Nusu nyingine ni gundi, hesabu na sikio. Sioni kwa nini kijana wa Newala asiisome.

Fundi wangu hakuisoma popote, lakini alilitibu gitaa langu. Alikwangua gundi ya zamani yote, akakataa misumari na skrubu nilizompelekea, akapaka gundi nyeupe ya mbao, akakaza daraja kwa mpira wa ndani wa baiskeli na kabari za mninga, akaniambia nisirudi kabla ya siku tatu. Kwa ndani, chini ya ufa, alibandika viraka vitatu vya mninga vyembamba kama kucha. Kovu bado lipo, ukilielekeza kwenye mwanga unaliona. Sauti, kwa masikio yangu, haikupungua.

Nilipolipa alinishika mkono kabla hajaniachia gitaa. “Mwalimu, kule juu usilirudishe.”

Sikulirudisha. Linakaa kwenye ukuta wa ndani, nyuma ya mlango, na kiboksi cha sabuni mfukoni mwake, na jioni wanafunzi wangu wawili hupokezana kulipiga. Juu ya kabati nimeweka sanduku la nguo za sikukuu. Nguo hazipasuki.